Mkwe Nyuma ya Nguzo

Mama alitupigia simu wote wawili kwa pamoja, mimi Louisville, dada yangu mkubwa, yaya Alliance, Buffalo, akasema: "Jumamosi mukuye. Tutaonana ku mall, pale pa kukulia chakula. Pale njo nitawaambia naenda kwa nani." Akakata.

Jamani! "Nitawaambia naenda kwa nani." Kama mtu anachagua nyanya sokoni!

Hali ilikuwa hivi. Mama alikuwa anakaa Columbus na mama Cikuru, rafiki yake wa toka kambi ya wakimbizi Kigoma, nyumba moja, jiko moja. Mama Cikuru akaitwa na mtoto wake Iowa kulea wajukuu, akaenda. Mama peke yake hawezi kubaki na ile nyumba, na mwisho wa mwezi funguo zinarudishwa. Kwa hiyo anahama. Swali ni moja tu: anakuja kwangu mimi Clara, kitinda mimba wake, au anakwenda kwa dada yangu?

Mimi jibu nilishalijua. Kwangu. Tena kitanda nilishatandika. Nakaa Highview, hukohuko Louisville, na msichana niliyekuwa nakaa naye ameolewa, chumba chake kimebaki wazi. Nikakipiga deki, nikaweka pazia la maua, nikanunua sufuria kubwa ya ugali, maana ile yangu ni ya mtu anayekula amesimama. Na ndivyo ninavyokula, sikufichi. Natoka shifti Jeffersontown, kutwa nzima kupakia maboksi, nafika nyumbani nakula mbele ya jiko, simu mkono mmoja, kijiko mkono mmoja, nalala. Hakuna wa kuniuliza "umerudi?" Ni neno dogo, lakini kaa mahali hakuna wa kulisema uone.

Sasa yaya Alliance yeye amekosa nini? Ana mume, ana nyumba East Side yenye ghorofa, ana kanisa lenye kwaya mbili, ana mama mkwe mtaa wa pili, ana tumbo la miezi saba. Kila kitu anacho! Halafu na mama amtake? Hapana. Hapana kabisa.

Mimi nilikuwa na karata moja. Karata yenyewe inaitwa Bisimwa.

Bisimwa ndiye mume wake. Mkubwa kama mlango, mpole kama maziwa, na sina neno naye. Lakini kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawali pamoja. Si chuki, ni heshima. Mama hawezi kutafuna mbele ya mwanaume aliyemuoa binti yake, na yule mwanaume hawezi kukaa akamwangalia mama mkwe anafungua mdomo. Siku ya harusi yao mama alikula kwenye chumba cha kuwekea viti, sahani magotini, mimi nalinda mlango. Bisimwa hajawahi kumwona mama yangu anameza hata maji! Sasa mtu kama huyo utakaa naye nyumba moja, Buffalo, theluji imeziba mlango wa mbele na wa nyuma? Utakula wapi? Bafuni?

Ni kweli kuna njia ya kuiondoa hiyo haya. Mkwe mwenyewe alete kitu, aombe kwa mdomo wake, mama mkwe akikubali anakula mbele yake, basi, yamekwisha, amefunguliwa. Lakini Bisimwa? Yule hata kwenye video anamsalimia mama huku anaangalia dari. Nikajiambia, huyu mpaka mtoto wake aoe ndipo atapata ujasiri.

Kwa hiyo nilitoka Louisville naimba.

Nilifika wa kwanza. Lazima niwe wa kwanza! Na nilipoingia ile mall, sauti ikanikauka. Tulipoletwa Amerika, hapohapo Columbus, nilikuwa na miaka minane, na mall ile ndiyo ilikuwa mbingu. Tulipanda basi kila wikendi ya baridi, si kununua, tunakwenda kuota joto. Kulikuwa na chemchemi ya maji inaruka na taa, ngazi zinazopanda zenyewe, farasi wa kuzunguka, wasichana wananukia marashi mlangoni. Sasa chemchemi imekauka, wamepanga maua ya plastiki ndani. Ngazi zimefungwa mnyororo. Duka baada ya duka limeshushwa chuma, waliobaki ni watu wa viatu, mawigi, na kibanda cha mablanketi yale mazito ya picha za wanyama. Wazee wawili watatu wa Kizungu wanatembea kwa mazoezi, raba nyeupe, fyu, fyu, fyu.

Nikapiga video kidogo, nikaifuta. Haikupendeza.

Food court, pale pa kulia chakula, nayo imekufa upande mmoja. Kwenye ukuta unaona alama za majina ya zamani, herufi zimeng'olewa uchafu umebaki. Lakini pale kona, palepale alipokuwa Mchina wa wali, palikuwa panawaka taa! Na harufu! Nazi, vitunguu, karanga zinakaangwa, kitu kama dagaa. Juu wameandika chakula cha barabarani cha Malaysia. Ndani kuna mama mmoja mnene, mtandio wa bluu, anarusha unga hewani. Anaushika donge, anaupiga mezani, anaurusha, unafunguka mwembamba mpaka unauona uso wake upande wa pili kama kwenye pazia. Anaukunja, anautupa kwenye chuma bapa cha moto. Mume wake pembeni anageuza mishikaki kwenye jiko la gesi.

Nilikuwa bado nashangaa ndipo mama akanishika bega kwa nyuma.

"Clara. Umekonda. Kule Louisville unakulaka nini, makartoni?"

"Nakula, mama. Ila peke yangu tu." Nilianza mapema kazi ya kumvuta kwangu.

"Bon, sawa," mama akasema, akakaa, akafungua koti, kitenge chake cha njano kikatoka kama jua. Alikuwa amependeza. Alikuwa wangu, mezani kwangu, mimi na yeye tu. Nikavuta kiti karibu. Nikafungua mdomo kumwambia habari ya pazia.

"Mamaaa!"

Yaya Alliance akaingia, tumbo mbele, yeye nyuma. Na mama, mama yangu mwenye magoti mabovu, aliruka! Mimi alinigusa bega. Tumbo alilishika kwa mikono miwili, akainama, akaliambia mambo kwa Kishi, lugha ya kwetu, polepole, kama mtu anaongea kwenye simu na mtu wa mbali. Nikabaki nimeshika kiti.

"Clara, mambo?" yaya akaniambia juu ya kichwa cha mama.

"Poa. Umenenepa."

"Nina mimba, Clara."

"Naona. Mall nzima inaona."

Bisimwa alisimama mbali, karibu na pipa la taka. "Jambo, mama," akaiambia sakafu.

"Jambo, mukwe. Safari?" mama akaliuliza pipa.

"Muzuri, mama." Na akaenda zake kukaa nyuma ya nguzo, ile nguzo nene ya marumaru ya uongo, akatupa mgongo. Sawasawa kabisa! Hakuna aliyemwambia. Nilitabasamu mpaka masikioni. Nguzo ile nilitamani kuibusu.

Yule mama wa mtandio akatuletea sinia yenye vikombe vidogo vya karatasi, kila kimoja kina kitu cha kuonja na kijiti. Akasema kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba tuonje kwanza, tukipenda ndiyo tuagize.

Mama alipoona vile vijiti akaanza kucheka peke yake. "Alliance! Unakumbuka ule Muchina wa vijiti?"

"Mama, usinikumbushe!" Yaya naye akashika tumbo.

Hapo palikuwa na Mchina aliyesimamisha kijana mbele na sinia la nyama ya kuonja. Sisi tunapita, tunaonja. Tunazunguka mpaka kwenye viatu, tunarudi, tunaonja. Mara nyingine mama anatuvua makoti ili tusijulikane.

"Ule kijana alishatujuaka," mama anasema, machozi ya kicheko yanamtoka. "Siku moja aniambie, mama, leo unavaa koti gani ya pili?"

"Na mimi nilikuwepo!" nikasema.

"Weye ulikuwa mudogo. Njo Alliance alikuwa anapita mbele, hana haya huyu! Na ku farasi pale, unakumbuka alivyolia, hataki kushuka?"

"Farasi ni mimi, mama! Mimi ndiye nililia!"

"Alikuwa Alliance."

"Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimemshika yeye asianguke," yaya akasema taratibu. "Wote tulizunguka."

Unaona? Hata farasi wangu kaingia!

Tukaonja. Kikombe cha kwanza mishikaki midogo, imechovywa kwenye mchuzi wa karanga. Mama akafumba macho. Kikombe cha pili kipande cha ule mkate wa kurushwa. "Hii ni chapati," mama akasema. Akaivuta, ikafunguka tabaka kama kitabu. "Hapana. Hii ni chapati ilienda shule." Kikombe cha tatu wali mweupe wenye harufu ya nazi, juu yake pilipili nyekundu, karanga, na...

"Ndagala!" mama akapiga kelele mpaka wale wazee wa raba wakageuka. "Clara, muulize huyu mama, ndagala anatosha wapi?"

Nikamuuliza dagaa hao anawatoa wapi. Akasema ni samaki wadogo wa baharini, kwao Malaysia watu wanaamka na wali huo asubuhi.

"Ya baharini," mama akatafuna, akafikiri. "Njo maana iko na chumvi mingi. Lakini ni ndagala. Mwambie tulikuwa tunafikiri ziko zetu tu."

Nikamwambia. Yule mama akacheka, akaweka mkono kifuani.

Mimi na yaya tukaenda kuagiza. Ndipo vita ikaanza, kimyakimya, migongo tumempa mama.

"Wali sahani mbili, moja bila pilipili," yaya akasema.

"Wa mama weka pilipili," nikasema mimi.

"Mama hali pilipili."

"Toka lini? Mama?"

"Toka tumbo limeanza kumwaka. Ungekuwa unampigia zaidi ya Jumapili ungejua."

Nilihisi kama amenimwagia hiyo pilipili machoni. "Mimi niko kazini, yaya. Wengine tuko kazini."

"Najua. Ndiyo naongea sasa. Unatoka asubuhi unarudi jioni. Mama Louisville ataongea na nani? Na pazia?"

"Nani kakuambia habari ya pazia?"

"Uliliweka status, Clara. Mara nne."

"Sawa. Na kwako atakula wapi? Eh? Bisimwa akirudi kazini, mama atachukua sahani aende wapi? Nitajie hicho chumba."

Nilimpata! Akachukua trei, akaanza kutembea, na mimi nikafuata nyuma nimebeba ndizi za kukaanga kama mtu kabeba kombe.

Mama alinawa kwa maji ya chupa juu ya kikombe, akaanza kula. Jamani, mama yangu akila utapenda. Anakunja kipande, anachovya kwenye mchuzi wa dengu, anaingiza bila kudondosha hata tone. Sikuwa nimemwona anakula vile muda mrefu. Nikasema kimoyomoyo, chakula hiki nitajifunza, nitampikia Highview kila Jumapili.

Halafu yaya Alliance akachukua dagaa kidogo na karanga kwa vidole vyake, akasema, "Mama, fungua," na mama akafungua. Kama kifaranga! Akamlisha. Mama akamshika shavu, akamwambia, "Mutoto wako naye utamulisha hivi. Nitakuonesha vile tunaosha kwanza chumvi." Nitakuonesha! Nitakuonesha wapi? Kwa njia gani? Wakaanza kupanga uji wa mtoto, maji ya mtoto, mgongo wa mtoto, vichwa vimekutana juu ya sahani, na mimi pale nimekaa na ndizi.

Nikasimama.

"Shemeji!" nikaita. Kwa sauti. "Shemeji Bisimwa, njoo! Unakaa huko kama mtoto wa adhabu. Njoo tupige picha ya familia!"

Yaya akageuka. "Clara, acha."

"Picha tu! Toka harusi hatujapiga." Nikaenda mwenyewe nyuma ya nguzo, nikamshika mkono. Ana sahani yake ya wali, anajaribu kuikumbatia. "Shemeji, hapana," ananong'ona, "mama yuko anakula." "Amemaliza," nikamwambia. Nikamvuta, nikamkalisha. Si pembeni. Mbele! Uso kwa uso na mama, magoti yao karibu yagusane chini ya meza.

Na mama alikuwa ameshaweka kipande mdomoni.

Aliacha kutafuna. Shavu moja limejaa. Hawezi kumeza, hawezi kutema. Akavuta ncha ya kitenge, akafunika mdomo, macho yakaenda chini. Bisimwa naye alikuwa anatazama dari kwa nguvu zote, jasho linamtoka. Mimi nikainua simu. "Tabasamuni!" Hakuna aliyetabasamu. Yaya alinifinya paja chini ya meza, alama ninayo mpaka leo.

Tukakaa hivyo. Mchuzi ukaanza kuganda. Yule mama wa mtandio akaja mbio, ameona mgeni wake kaacha kula, akauliza kama kuna kitu kibaya, kama ni pilipili, abadilishe? Nani amweleze? Utaanzia wapi?

Bisimwa akainuka, akaondoka. Hakurudi kwenye nguzo. Akapita farasi, akapita viatu, simu sikioni, akapotea.

Mama akameza. Ilisikika.

Basi nikaona mlango uko wazi, nikaingia. "Unaona, mama? Hii ni picha tu, dakika moja. Sasa fikiria Buffalo. Asubuhi, mchana, jioni. Kwangu hakuna mwanaume, hakuna mkwe, utakula sebuleni, utakula kitandani ukitaka, umelala! Nimekuwekea chumba chenye dirisha..."

"Clara, una roho mbaya," yaya akasema. "Wivu utakupasua siku moja, tukuokote vipandevipande."

"Mimi nasema ukweli."

"Umemwaibisha mume wangu mbele ya watu."

"Watu gani? Wale wazee wa raba?"

"Mama, mwambie."

Mama alikuwa anakunja ncha ya kitenge, anaikunjua. Nikajua anapima. Na nikajua upande gani unazidi. Nilimwona yaya anajifuta macho kwa karatasi ya kulia chakula, na nitasema nini, nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto juu ya farasi, naye leo hajashikwa na mtu.

Ndipo Bisimwa akarudi.

Mkono mmoja ana mfuko wa plastiki wenye zipu, mkubwa kama godoro. Akapita kwanza kwa yule mama wa Malaysia, akamwambia kitu. Yule mama akachukua vikombe viwili vya chuma, akaanza kumimina chai ya maziwa kutoka juu mpaka chini, juu mpaka chini, kamba ndefu ya chai hewani, povu likapanda. Bisimwa akaipokea kwenye glasi, imejaa mpaka ukingoni, akaja nayo polepole, mtu mkubwa vile anatembea kama kabeba yai.

"Kumbe kwenye simu alikuwa anaongea na mama yake," yaya akaninong'oneza, ila si kwa ajili yangu, alikuwa anajiambia mwenyewe. Akakaa wima.

Bisimwa akaweka mfuko chini, akachuchumaa pembeni ya mama. Glasi mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeshika kiwiko. Macho chini. Na akaongea! Mimi sikujua ana sauti ya vile.

"Mama. Mimi ni mukwe wako. Mbuzi sikuleta, hapa hakuna mbuzi. Nimeleta kitu ya kufunika na kitu ya kunywa. Naomba unifungulie. Mutoto anakuya, donc, basi, sitaki mama ya bibi yangu Alliance akufe njaa mu nyumba yangu. Na sitaki kukula nyuma ya nguzo mpaka nizeeke."

Mume wa yule mama aliacha kugeuza mishikaki.

Mama akaangalia ule mfuko. Akafungua zipu kidogo. Akavuta kona ya blanketi.

"Hii ni imbwa?"

"Ni mbwa mwitu, mama."

"Wawili?"

"Wawili, mama. Wanaangalia mwezi."

"Mm." Mama akapapasa manyoya. "Iko zito."

"Juu ya baridi ya Buffalo, mama."

Na mama akacheka. Kidogo tu, puani. Nikaona anavyoachia kitenge, kikadondoka begani. Kimoyomoyo nilikuwa napiga kelele, mama usichukue, mama usichukue! Akachukua. Mikono miwili. Akanywa, palepale, mbele ya macho ya Bisimwa, glup, glup, povu likabaki juu ya mdomo na hakulifuta. Akaikata ile chapati iliyokwenda shule vipande viwili, kimoja akamwekea Bisimwa kiganjani.

"Kula, mutoto wangu," akamwambia.

Bisimwa akala analia. Yaya analia. Yule mama wa mtandio naye, hajui hata ni nini, analia, analeta ndizi nyingine. Wote wanalia isipokuwa mimi, maana mimi nilikuwa bado najaribu kuelewa nimepigwa na nini.

Mama akanigeukia. Alinivuta mkono akauweka juu ya paja lake.

"Clara. Nikuambie kweli. Mi nilikuwa nakuya kwako."

"Nini?"

"Bintu, mizigo yangu, nilishafunga. Nilisema, Louisville. Juu ya huyu mukwe. Mi ni mutu ya kukula, nitaishi aje mu nyumba ya kujificha? Nikasema mutoto wa Alliance nitamuonaka mu simu. Njo nilikuwa nataka niwaambie leo, pole pole, dada yako asilie mingi." Akanywa tena kidogo. "Sasa weye umemutosha ku nguzo yake, umemuleta, umemukalisha mbele yangu. Amefungua. Sasa nitakataa juu ya nini? Na mutoto anakuya?"

"Kwa hiyo kama nisingemwita..."

"Tungekuwa njiani, mimi na weye."

Nilitegemea yaya Alliance atacheka. Ningemjibu! Nilikuwa na majibu saba tayari. Hakucheka. Akaniambia, "Asante, mdogo wangu," kwa sauti ya chini, ya kweli kabisa, na hiyo ndiyo iliniua.

"Usinishukuru," nikasema. "Usithubutu."

"Kula basi. Hujala kitu."

"Nimeshiba."

Tukaenda nyumbani kwa mama kubeba mizigo. Mabegi, mifuko ya unga, mtungi wa plastiki, Biblia, mto wake wa mgongo. Kila kitu nilichobeba nilikuwa natafuta kisababu cha kukiweka kwenye gari langu, na Bisimwa anakitoa taratibu, "samahani shemeji," anakiweka kwake. Yaya akakaa kwenye ngazi, miguu imemvimba, anatuangalia. Mama akafunga mlango, akarudisha funguo ofisini, akashuka.

Nikasimama mbele ya gari la Bisimwa. "Mama apande kwangu."

"Clara!" yaya akasema.

"Mpaka kituo cha mafuta tu! Kile cha kabla ya barabara kuu. Mna miezi, mna miaka, mna kila kitu. Mimi naomba mpaka kwenye mafuta."

Yaya akamwangalia Bisimwa, Bisimwa akaangalia angani, mazoea. Mama alikuwa ameshafungua mlango wa gari langu, anapanga kitenge chake kwenye kiti.

Niliendesha polepole mpaka watu nyuma wakaanza kunipigia honi. Mama hakuongea sana. Aliniuliza dirisha la kile chumba linaangalia wapi, nikamwambia linaangalia maegesho na mti mmoja. Akauliza mti gani. Nikasema sijui, mama, mti tu, una majani. Akasema akija kuniona ataujua. Nikasema atakuja lini. Akasema mtoto azaliwe kwanza. Nikasema mtoto, mtoto! Akasema, eeh, mtoto. Na weye ulikuwaga mtoto, nilikuacha na Alliance nikaenda kazi, alikuwa na miaka kumi na moja, anakupikia uji anaungua vidole. Sikutaka kulijua hilo siku hiyo.

Kituo cha mafuta kikatokea kulia, taa nyekundu, bei juu. Kwenye kioo nikamwona Bisimwa anawasha taa ya kukata kona.

Nikapita.

"Clara, umepita."

"Kile mafuta yake mabaya. Yanaharibu injini."

"Bon."

Simu ikaanza kulia, yaya Alliance, uso wake umejaa skrini nzima. Nikaigeuza kifudifudi. Kituo cha pili kikaja, kikubwa, cheupe, kina kila kitu. Nikaangalia mbele kama sioni. Simu ikalia tena. Nyuma Bisimwa anawasha taa, anazima, anawasha.

Mama akavua viatu, akapandisha miguu juu ya kiti, akajifunika kitenge.

"Cha tatu njo mwisho, unasikia?" akasema.

"Nasikia, mama."

"Endesha basi. Na usikimbie."